Mbeleko Tatu kwa Jina Moja

Jina langu silitaji hapa. Nikilitaja, nusu ya wanawake wa Stockholm watadhani ninawasema wao, na nusu nyingine watanuna kwamba nimewaruka. Ni jina la Kikristo la kawaida kabisa, lile ambalo padri humpa mtoto asipokuwa na muda wa kufikiri. Sisi tunalo, na Waswidi wanalo tangu enzi za wafalme wao. Muuguzi wa zahanati yetu akitokeza mlangoni na kuliita, tunainuka watatu: mimi, bibi mmoja wa Kiswidi mwenye mkongojo, na mama mwingine ambaye hadi leo sijui anatoka wapi. Tunatazamana, tunacheka, muuguzi anataja jina la ukoo, na wawili wanarudi kuketi.

Babangu, Mungu amrehemu, hakuuona ukawaida huo. Jioni nyumbani kwetu Bujumbura alikuwa akinikalisha karibu na kunihesabia wakubwa wote waliolibeba jina langu. Kulikuwa na mtakatifu aliyekataa kumkana Mungu hata mbele ya moto. Kulikuwa na malkia wa nchi ambayo baba mwenyewe hakujua iko wapi. Kulikuwa na mwimbaji wa redioni, na daktari wa misheni aliyempasua baba tumbo na kumrudisha akiwa hai, na huyo ndiye ambaye baba alimwogopa kuliko malkia. "Jina jema hung'ara gizani," alikuwa akisema, nami nikalala nikisubiri kung'ara.

Nilipofika Sweden nilipata kazi ya kuwahudumia wazee majumbani mwao. Nilivalisha soksi, nilikoroga uji, nilitafuta miwani iliyokuwa kichwani mwa mwenyewe. Siku moja, nikiwa na saa ya mapumziko, niliingia maktaba ya Upplands Väsby, kitongoji ninakoishi, nikafungua kitabu kikubwa cha maarifa, kile chenye kila kitu toka A. Jina letu lilikuwa limejaa humo. Malkia, waigizaji, mtu aliyeshinda mbio za theluji, mtunzi wa nyimbo za kanisa. Na mmoja aliyemtilia mumewe sumu, lakini huyo simhesabu. Nilifurahi sana, nikatamani baba angekuwapo nimsomee.

Ila katika watu wetu, wale wa misa ya Kiswahili inayosomwa mara moja kwa mwezi, wakubwa wa jina letu walikuwa wengine. Wa kwanza alikuwa Mkongomani wa Hässelby aliyeongoza kwaya. Akipandisha sauti, hata watoto waliokuwa wakichezea simu walinyamaza. Tulimwita wa Kwaya. Wa pili alikuwa Mkenya aliyechaguliwa katika baraza la manispaa yao. Kusema kweli alikuwa mjumbe wa akiba, wa kuketi pale mwenye kiti anapoumwa, lakini nani angethubutu kumkumbusha? Huyo tulimwita Mheshimiwa. Wa tatu mimi. Mimi niliitwa wa Väsby. Mwenzangu anajulikana kwa sauti, mwingine kwa cheo, mimi kwa kituo cha treni.

Niliwapenda wote wawili, na bado nawapenda, lakini hasira zangu ziko karibu na jambo hilo liliniuma. Liliniuma zaidi kwa sababu kulikuwa na kitu nilichokitaka ambacho hakikuja. Niseme wazi: nilitaka mtoto. Mimba zangu ziliharibika moja baada ya nyingine, mume wangu akanivumilia nami nikamvumilia, mpaka tukaacha kulizungumza. Kilichobaki ni kitenge kimoja cha buluu alichonipa mama siku ya kuondoka, ili nije nimbebee mwanangu. Kilikaa sandukuni na vipande vya sabuni, nami kila nikisafisha chumba nilikikunjua nikakikunja tena.

Sasa, kwetu kuna desturi. Mtoto akipewa jina la mtu aliye hai, mtu yule ndiye somo wake, na mtoto ni kama wake. Mama wa ubatizo ni habari nyingine, huyo huchaguliwa. Somo hachaguliwi wala haambiwi. Husikia tu kwamba mtoto fulani ana jina lake, naye akijiona ndiye, huenda na mbeleko. Kuuliza "ni mimi?" ni aibu, ni sawa na kuomba. Mzazi akiipokea mbeleko ile, yamekwisha: siku ya ubatizo somo ndiye atakayembeba mtoto toka mlangoni hadi kwa padri. Nilidhani ni desturi ya Warundi peke yetu. Kumbe wa Kwaya na Mheshimiwa nao wana ya kwao, inayofanana na yetu kama pacha.

Basi Jumapili moja ya baridi padri alitangaza kwamba binti mmoja wa Rissne amejifungua salama mtoto wa kike, na mtoto ameitwa jina letu.

Binti huyo nilimjua vizuri. Alizaliwa hapa hapa, baba yake Mrundi mwenzangu, dereva wa basi. Mama yake alifariki binti akiwa bado shule, na baba akiwa na zamu za jioni, binti alikuwa akipanda treni kuja kwangu. Nilimpikia maharage na ndizi. Nilimsemesha Kiswahili, akanijibu Kiswidi, tukaelewana. Kwa hiyo tangazo lilipotoka sikuwa na shaka hata kidogo. Nilishika benchi la mbele kwa mikono miwili ili nisipige vigelegele peke yangu.

Sikujua kwamba wa Kwaya, aliyemfundisha binti yule kuimba, naye alikuwa ameshika benchi lake. Wala sikujua kwamba Mheshimiwa, aliyemtafutia kazi yake ya kwanza ya likizo, alikuwa tayari anawaza rangi ya kitenge.

Kesho yake nilikitoa kile cha buluu sandukuni, nikakipiga pasi, nikaenda Rissne. Binti alikuwa kitandani, mtoto kifuani. Nilimpa kitenge bila maneno mengi, kama desturi inavyotaka. Alikipokea kwa mikono miwili.

"Tack, shangazi! Kizuri sana!"

Amekipokea. Nilirudi kituoni, nikashuka ngazi zile ndefu, nikakaa ndani ya treni na kulia mpaka mzee mmoja wa Kiswidi akanipa karatasi ya kupangusia pua. Nilimwambia nimepata mtoto. Alinitazama tumbo, akanipongeza kwa adabu.

Ubatizo ulikuwa majira ya kuchipua, theluji imebaki chafu pembeni mwa barabara. Nilishona nguo mpya. Kanisa lilijaa, pilau ilikuwa inanukia toka ukumbi wa chini. Padri alisimama mbele akafungua mikono.

"Somo wa mtoto asogee mlangoni, ambebe."

Nikasimama. Wa Kwaya akasimama. Mheshimiwa akasimama, akirekebisha kilemba.

"Mais non! Kaa chini, mama," wa Kwaya aliniambia kwa upole, kana kwamba nimepotea njia. "Huyu mutoto ni wangu. Mbeleko yangu alishaipokeya."

"Yako?" alisema Mheshimiwa. "Excuse me, hata mimi nilipeleka yangu. Aliichukua vizuri kabisa, tena akani-hug."

Nami nikasema, kwa sauti iliyopanda kuliko nilivyokusudia, kwamba yangu ilikuwa ya kwanza, na ilitoka kwa mamangu.

Mafahali wawili hawakai zizi moja, sembuse watatu, tena wamevaa vitenge vya sherehe. Binti alisimama mlangoni na mtoto wake, uso umemwiva. Alimgeukia baba yake.

"Pappa, jag trodde att det var presenter!"

Alidhani ni zawadi. Zote tatu alizipokea, akashukuru, akaziweka kabatini na nguo nyingine za mtoto. Nani angemfundisha kwamba kitambaa kinaweza kuwa ahadi? Baba yake alitazama viatu vyake. Wanaume hawajui mambo ya mbeleko.

"Basi, binti yangu," padri aliuliza, naye alikuwa anauma midomo asicheke, "mtoto huyu ni somo wa nani?"

Binti alinyoosha mkono kuelekea benchi la nyuma kabisa. Pale aliketi mama mmoja wa Kiswidi mwenye nywele fupi za mvi na sweta ya kufuma kwa mkono.

"Mkunga wangu," binti alisema. "Niliogopa sana, nilikuwa namwita marehemu mama. Zamu ya mkunga iliisha, akavaa koti aende. Halafu akalivua, akakaa tena mpaka mwisho."

Kisha akamwita yule mama kwa jina. Jina letu. Mkunga wa watu akainuka, hajui limetokea nini, akapita katikati ya benchi akitusalimia wote kwa kichwa. Alimchukua mtoto vizuri sana, siwezi kusema vinginevyo. Mheshimiwa ndiye aliyeanza kucheka, akafuata wa Kwaya, kisha kanisa zima, hata padri akashindwa kujizuia.

Mimi sikucheka. Nilikaa mpaka maji yakamwagwa kichwani mwa mtoto, kisha nikachukua koti langu nikaondoka bila kuonja pilau. Hasira hasara: njia nzima hadi Väsby tumbo lilinguruma. Nilipofika nilimwambia mume wangu kwamba nataka mbeleko yangu irudi.

"Irudi imbebe nani?" aliuliza. Hakuuliza kwa ubaya. Lakini sikumsemesha mpaka kesho yake.

Siku zile binti alinipigia simu, sikupokea. Wa Kwaya alipiga akinicheka, nikamkatia. Halafu alasiri moja kengele ya mlango ililia, na nilipofungua nilimkuta binti amesimama na kigari cha mtoto, macho mekundu. Mtoto alikuwa analia kwa nguvu zote. Ndani ya kigari, miguuni, kulikuwa na vitenge vitatu vimekunjwa.

"Shangazi, pappa ameniambia maana yake," alisema. Kiswahili chake kilikuwa kinajikwaa, lakini siku ile hakukimbilia Kiswidi. "Sikujua. Samahani sana. Nimekuja kurudisha. Chako ni hiki cha buluu?"

Alikinyoosha mbele yangu. Ndicho nilichokuwa nimekitaka kwa hasira zangu zote, na sasa kilikuwa hapo, natakiwa nikichukue tu. Mtoto alizidi kulia.

"Kwa nini humbebi?" nilimuuliza.

"Sijui kukifunga. Nilijaribu, akateleza, nikaogopa." Akafuta macho kwa mkono wa sweta. "Mama hakuwahi kunionyesha."

Hasira yangu iliniishia pale pale mlangoni. Mtoto wa watu amekua, amesoma, anajua kuongea na ofisi zote za nchi hii, na hana mtu wa kumfundisha kumweka mwanawe mgongoni. Nilimvuta ndani. Nilikichukua kitenge cha mama, nikainama, nikamlaza mtoto mgongoni, nikatupa kitambaa juu yake, nikakipitisha chini ya kwapa na kukifunga kifuani. Mikono yangu, ambayo haijawahi kubeba mwana wake mwenyewe, ilijua yote, kwa sababu ilibeba wadogo zangu sita. Nilizunguka naye jikoni mara chache, maharage yakitokota. Kilio kikawa kwikwi, kisha kikawa pumzi ya joto shingoni mwangu.

Nililia, binti akalia, maharage yakaungua.

Tulipomaliza kukwangua sufuria nilimfunga mtoto mgongoni mwa mama yake. Nilifungua, nikamwambia afunge mwenyewe. Alikosea, akarudia, akakosea tena, mpaka kikakaa. Mume wangu aliporudi kazini alimkuta mgeni wetu anatembea huku na huku sebuleni amenyoosha mgongo, akasema tu, "Ahaa." Jioni binti aliondoka na mtoto mgongoni akisukuma kigari chenye vitenge viwili tu, na nilisimama dirishani nikiona watu wa Väsby wanavyomgeukia. Vitenge vyote vitatu alirudi navyo. Sikukichukua changu.

Wa Kwaya alinipigia baada ya siku chache, safari hii sikumkatia. Alikuwa analalamika.

"Alikuja kwangu, nikataka nimufundishe kufunga mutoto, kumbe anajua tayari! Nani alimufundisha?"

Nilimwambia sijui. Nilifurahi siku nzima.

Mkunga naye amekuwa mtu wetu. Anakuja misa ya Kiswahili Krismasi, haelewi neno, anafuma kofia wakati wa mahubiri. Mheshimiwa humwita "somo mkuu", naye huitikia. Nilimwekea kinyongo mwaka mzima, kisha siku moja alinionyesha jinsi ya kufuma kisigino cha soksi na nikakosa sababu ya kuendelea.

Mtoto alipokuwa na miaka minne hivi, mama yake akiwa kazini, nilimpeleka kwa daktari wa meno pale Rissne. Tulikaa kwenye viti vidogo, yeye akichezesha miguu, mimi nikiwa nimeshika kofia yake. Muuguzi akatokeza mlangoni akaita jina letu. Nikainuka, kama nilivyoinuka maisha yangu yote.

Alinivuta koti.

"Nej, det är jag."

Hapana, ni mimi. Nikaketi. Kweli, alikuwa ni yeye. Alitembea mpaka kwa muuguzi, akageuka kuhakikisha kwamba nafuata. Muuguzi aliniuliza kama mimi ni bibi yake, lakini kabla sijafungua kinywa mtoto alishajibu, tena kwa sauti ya kumwelimisha asiyejua:

"Hon har fått mitt namn."

Huyu amepewa jina langu. Muuguzi alinitazama mimi, akitabasamu, akingoja nimsahihishe.

"Ni kweli," nilisema. "Nimepewa."