Bi Nezihe na Chumba cha Wanaume

Bi Nezihe alipotangaza kwamba anakwenda kulala hotelini Safranbolu, bintiye Perihan alifunga bomba la jikoni ili asikie vizuri.

“Hoteli gani, mama?”

“Ile nyumba yetu.”

“Mama, kutoka hapa Karabük mpaka pale ni basi moja tu. Unakwenda asubuhi, unakunywa chai yako, jioni umerudi. Kulala kwa ajili ya nini?”

“Kwa sababu pale ninapotaka kulala sijawahi kulala.”

Perihan hakuelewa, na mama yake hakuwa na haraka ya kumwelewesha. Bi Nezihe alikuwa mjane wa miaka sabini na kitu, mfupi, mwenye magoti mabovu. Maisha yake yote aliwashonea nguo wake wa mafundi wa kiwanda cha chuma, na sifa yake kubwa ilikuwa kutobishana. Marehemu mumewe, Halit, alipenda kuwaambia watu kwamba ameoa mwanamke asiye na neno. Basi sasa neno lilikuwa limepatikana.

Nyumba ilikuwa ya babake, Mzee Nafiz, fundi wa viatu vya ngozi. Ilikaa mlimani juu ya soko la zamani, ghorofa yake ya juu imejitokeza mpaka katikati ya kichochoro cha mawe. Ndani iligawanywa upande wa wanawake na upande wa wanaume, na ukutani baina yao palijengwa kabati la mbao la kuzunguka. Mwanamke aliweka sinia upande wake, akasukuma, na sinia likatokea kwa wanaume bila mtu kumwona mwenzake. Kile chumba kikubwa cha upande wa pili, chenye dari ya nakshi na madirisha yanayotazama mji mzima, Nezihe alikifagia asubuhi. Wageni wakishaingia, kikawa kwake ni sauti na harufu ya tumbaku.

Alipokuwa msichana wa miaka kumi na mitano, mwalimu mkuu wa shule yake alikuja kuzungumza na babake katika chumba hicho. Nezihe alikuwa amefaulu mtihani wa kwenda chuo cha ualimu Kastamonu, bweni na chakula juu ya serikali. Alipika wali mtamu wa zafarani, akauweka kabatini, akasukuma, kisha akabandika sikio kwenye mbao.

“Mzee Nafiz, mtoto huyu ana kichwa,” alisema mwalimu. “Mwachie aende.”

“Kichwa anacho,” baba alijibu. “Lakini onja huo wali kwanza. Mkono huu nikiupeleka Kastamonu, nani atanipikia?”

Wanaume wakacheka. Mwalimu akamgeukia kaka yake Nezihe, Sabri, ambaye tayari alikuwa na umri wa kukaa na wanaume. “Na wewe kijana, unasemaje?”

“Baba ndiye anayejua,” alisema Sabri, huku anatafuna.

Mambo yakaishia hapo. Mwaka uliofuata aliolewa. Halit alikuwa mtu mwema, hilo hakulikana hata siku moja. Na Mzee Nafiz alipofariki, Sabri aliiuza nyumba, akamletea dada yake karatasi na kumwonyesha pa kutia sahihi. Akatia. Baada ya miaka, waliopita pale wakaanza kusema kuna hoteli, na kwamba chumba kikubwa ndicho watu wanachokigombea.

Alipiga simu mwenyewe. Aliyepokea ni msimamizi wa hoteli, binti aitwaye Dilara.

“Nakitaka chumba kikubwa cha juu, kile chenye kabati ukutani.”

“Bibi, kile kina ngazi nyingi na nyembamba. Tuna chumba kizuri sana cha chini, karibu na bustani.”

“Mwanangu, nimekuomba chumba au nimekuomba ushauri?”

Dilara alicheka, akamwandikia chumba kikubwa.

Habari zikamfikia Sabri kabla ya jua kuzama. Alikuwa na zaidi ya miaka themanini, lakini sauti yake kwenye simu bado ilikuwa ya mtu anayeita watumishi.

“Nezihe, umeingiwa na nini? Mtoto wa Nafiz akalipe kulala nyumbani kwa babake? Watu watasema nini?”

“Wewe uliuza, watu hawakusema. Mimi nikilala ndio watasema?”

“Na chumba chenyewe ni cha wanaume!”

“Kaka, wanaume wake wote wamekufa umebaki wewe. Ukikitaka, wahi.”

Akakata simu. Perihan, aliyekuwa mlangoni, aliona mama yake akijishika kifua, akadhani anaumwa. Kumbe anacheka.

Alikodi teksi, akapanda mlima na sanduku lake dogo. Pale hotelini Dilara alimpokea kwa mikono miwili, lakini macho yake yalikimbia huku na huko. Mwenye hoteli alikuwa amepiga simu asubuhi ile. Chumba kikubwa alikuwa amempa rafiki yake, mstaafu fulani wa Ankara, mtu mzito. Yule bibi alazwe chini.

“Tumekiandaa vizuri, bibi. Kuna maua. Njoo ukione.”

Bi Nezihe alikitazama kile chumba cha chini kutoka mlangoni, taa zake nzuri na shuka zake nyeupe.

“Hapa ndipo alipokuwa akilala nyumbu wa baba, yule wa mizigo,” alisema. “Alikuwa mnyama mstaarabu, ila si wa kuniachia kitanda.”

“Bibi, nakuomba. Mimi ni mwajiriwa tu.”

“Najua. Kwa hiyo sitakugombeza.” Akainua sanduku lake, akaanza kupanda ngazi. Alipanda kwa kushika ukuta, anasimama, anavuta pumzi, anaendelea. Dilara alimfuata nyuma na mikono iliyonyooshwa, kwa kuogopa asije akaanguka. Juu ukumbini palikuwa na kibaraza cha mbao chenye mito, kando kabisa ya mlango wa chumba kikubwa. Bi Nezihe alikaa hapo, akavua viatu, akatoa sufu na sindano za kufumia.

“Huyo mtu mzito akija, mwambie apite taratibu. Mimi nalala hapa mlangoni, na ninakoroma.”

“Bibi, nitafukuzwa kazi.”

“Ni nani aliyekiomba kwanza?”

“Wewe.”

“Basi mwambie bosi wako hivyo hivyo. Kama hutaki, mpigie nimwambie mimi.”

Dilara alisimama akimtazama. Kisha akapiga simu palepale, mbele yake. Alianza kwa sauti ndogo, akasema ndiyo bosi, ndiyo bosi, halafu ghafla akasema, “Hapana bosi. Wa kwanza ni yeye, na nyumba ni ya babake. Kama ni kumtoa, uje umtoe mwenyewe, mimi sigusi.” Alisikiliza kidogo, uso umemwiva. Alipomaliza, akalibeba lile sanduku na kusukuma mlango wa chumba kikubwa kwa bega. Mstaafu wa Ankara, alipofika, alilala chini na akasifu maua.

Sabri alikuja siku ya pili. Alimkuta dada yake amekaa kwenye kona ya madirisha, mahali pa mwenye nyumba, miguu imefunikwa shali. Nezihe hakuinuka.

“Umeridhika sasa?” Sabri alisema.

“Bado. Kaa.”

Kiti kilichobaki kilikuwa karibu na mlango, wanapokaa vijana. Sabri alikitazama, asikae.

“Siku ile mwalimu alipokuuliza,” Nezihe alisema, “mimi nilikuwa nyuma ya kabati. Nilikusikia.”

“Ningesema nini mbele ya baba?”

“Ungesema aende. Ni neno dogo.”

“Asingenisikia.”

“Mimi ningekusikia.”

Sabri alishika fimbo yake, akateremka ngazi bila kuaga. Dada yake hakumwita.

Mchana ule ule Bi Nezihe aliwapigia simu wanawake wa mtaa wa zamani waliobaki hai, wote wasukuma makabati wa enzi zile. Wakaja na vyakula vyao, wakajipanga kwenye vibaraza vya chumba kizima, wakafungua madirisha yote. Mmoja aliwasha sigara, akakohoa, akawasha nyingine. Kicheko chao kilisikika mpaka sokoni, wauza viatu wakainua vichwa. Akaongeza usiku mmoja, wakaja tena.

Aliporudi Karabük magoti yalikuwa yamevimba, na Perihan alimkanda kwa maji moto bila kumlaumu. Sabri hakupiga simu. Idd ikafika, siku ambayo mdogo humwendea mkubwa kumbusu mkono, na Bi Nezihe akakaa nyumbani kwake.

“Mama, mjomba anakungoja,” Perihan alisema.

“Anajua ninapokaa.”

Alasiri kengele ikalia. Sabri alikuwa amesimama nje na koti lake la sikukuu, anahema kwa ngazi. Alinyoosha mkono wake, mgongo wa kiganja juu, kwa mazoea. Bi Nezihe aliuchukua, akaugeuza, akaubana bila kuubusu, mtu mzima kwa mtu mzima.

“Karibu ndani, kaka,” alisema. “Chai iko tayari.”