Kamera Haijaribiwi kwa Chungu cha Maua

Kanuni yake ilikuwa moja: kamera ya kupigia vitu vinavyokwenda haijaribiwi kwa kitu kilichosimama. Aliivunja mara moja tu, na aliyeumia hakuwa yeye.

Watu walimwita Mama Tulia kwa sababu ya neno alilolirudia siku nzima studioni kwake. "Tulia, baba. Kidevu juu. Tulia." Kwa miaka kumi na minane alipiga picha za vitambulisho na za harusi, na wateja wake walitulia. Siku klabu ya riadha ilipomwomba awapigie picha za mashindano, alikwenda dukani akiwa na haraka zake, akaielekeza kamera mpya kwenye chungu cha maua kilichokuwa juu ya kaunta, akaona kila jani limetoka safi kama limeoshwa, akalipa.

Uwanjani kamera ile ilimuumbua. Binti wa mdogo wake, mkimbiaji wa viunzi, alitakiwa kukipelekea chuo cha michezo picha na video za mashindano ya kweli, ili walimu waone mguu wake unavyovuka kiunzi. Mama Tulia akibonyeza, kamera ilifikiri kwanza ndipo ipige. Kiunzi kilitoka safi, msichana akatoka ukungu. Video nayo mara ilishika mistari ya uwanja, mara mawingu. Chuo kilijibu kwa mstari mmoja: hatuoni kitu. Binti akasubiri mwaka mzima, na mwaka uliofuata ulikuwa wa mwisho kwa umri wake.

Wapo ambao wangelilaumu jua. Mama Tulia alikwenda kwa mdogo wake, akakaa, akasema, "Kosa ni langu. Nilijua namna ya kuijaribu, nikafanya uvivu."

Mdogo wake hakumfariji. "Basi rekebisha, dada. Mimi kamera naijua ya simu tu."

Kocha wa klabu alikuwa na njia ya mkato. "Mwache akimbie peke yake, polepole, umpige mara ishirini. Nani atajua?"

"Nitajua mimi," alijibu Mama Tulia. "Na yeye atajua kila asubuhi akiamka chuoni." Hapo alisema kweli. Chuo kiliomba mashindano, hakikuomba maigizo.

Safari hii aliingia dukani na kreti mbili tupu. Muuzaji, mtu wa kitambi, alimpangia mbele yake kamera tatu za DSLR, za bei ya kati, akaanza kuisifu ya kwanza. "Hii ina megapikseli kuliko zote, mama. Utaona mpaka miguu ya nzi."

"Nzi mzima au aliyekufa?"

"Mama nawe!"

"Toka nje ukimbie. Kutoka nguzo ile mpaka hapa, na hizi kreti uziruke."

"Mimi?"

"Kwani nani anauza?"

Mkewe, aliyekuwa akipokea malipo, alicheka mpaka akashika meza. "Kimbia, baba watoto! Daktari alikwambia nini?"

Akakimbia, mkono mmoja umeshikilia suruali isidondoke. Kamera ya kwanza ilipiga picha nane kwa kasi, kisha ikakwama ikimeza ilichokipiga, na wakati huo muuzaji ndiyo kwanza yuko hewani. Ya pili ilipiga vizuri bila kukwama, ila kwenye video mota ya lenzi ilinguruma kuliko sauti za watu. Ya tatu ilikuwa toleo la zamani, nzito, yenye mikwaruzo na megapikseli chache. Ilipiga saba kwa sekunde bila kuchoka, na kwenye video iliushika uso wa muuzaji mpaka alipoegemea nguzo akihema.

"Hiyo hata mimi siisifii," alisema kwa shida.

"Ndiyo maana naiamini."

Pesa hazikutosha. Aliacha pale kaunta kamera ya chungu cha maua pamoja na lenzi yake ya harusi, akabaki na ile ndefu ya uwanjani.

"Na maharusi utawapigaje?"

"Kwa mbali. Nitasimama barabarani."

Siku ya mashindano alipiga magoti karibu na kiunzi cha saba. "Mama mkubwa," binti alimwambia, "leo usiniambie nitulie."

"Leo kimbia nisikuone!"

Kwenye mchujo alipiga picha, na kamera ililia kama cherehani bila kusita. Kwenye fainali alirekodi video. Kwenye kiunzi cha saba mkimbiaji wa pembeni alianguka, vumbi likatimka, na Mama Tulia hakujua kamera ilimfuata nani. Mbio zilipokwisha aliogopa kutazama. Binti, aliyemaliza wa tatu, aliichukua mwenyewe, akajifunika taulo kichwani ili jua lisimzuie kuona kioo. Akairudisha video nyuma, akaitazama upya.

"Sema basi, mwanangu."

"Kovu langu la goti linaonekana."

Mama Tulia alikaa pale pale kwenye nyasi, akavua viatu, akapumua kama aliyekimbia yeye.

Chuo kilijibu tena kwa mstari mmoja: aje siku ya kufungua chuo, na viatu vya mbio.

Lenzi ya harusi hakuipata tena. Harusi tatu za msimu ule zilikwenda kwa mpiga picha mwingine, na ule mwaka mmoja wa binti haukurudi.