Mawe ya Mbwa wa Makungu

"Liweke chini jiwe hilo."

"Nliweke kwani la babako?"

"Liweke, Kificho. Nshakwambia mara ya tatu."

"Mawe yamejaa Jambiani nzima, yakhe! Wee umeyaona haya tu?"

Saa mbili asubuhi, nyuma ya mashamba ya muhogo ya Jambiani, watu wazima wawili wanavutana jiwe moja. Mmoja ni Kificho, mchoma chokaa, mgeni aliyeitwa kuchoma chokaa ya msikiti. Wa pili ni Makungu Borafya, msasi wa nguruwe mwitu. Jua halijawa kali, lakini Makungu jasho linamchuruzika.

Jiwe limetoka kwenye rundo. Yapo marundo saba hapa. Juzi yalikuwa tisa. Mawili yashapandishwa kwenye tanuu la kuchomea mawe yawe chokaa, juu ya magogo ya minazi, na tanuu linatiwa moto leo baada ya alasiri.

Kificho anadhani wakulima ndio waliorundika, kusafisha shamba. Hajui kwamba chini ya kila rundo kuna mbwa.

Ndiyo ada ya wasasi wa huku. Mbwa akiuawa na nguruwe, bwana wake humzika mwenyewe, na kila msasi apitaye kwenda kusaka huongeza jiwe. Hapana dua, hapana ubani. Jiwe tu.

Makungu kaanza kazi hii kijana. Kwa kila nguruwe, mwenye shamba humpa pakacha la muhogo. Mwezi huu wote kapata moja.

"Nguruwe akiingia shambani, kukicha huna kitu," anasema. "Mie mbio zangu hazimfikii. Mbwa ndiye anayemfikia."

Watu hawamwachi, maana mbwa ni najisi, na aliyeguswa na mate yake hunawa mara saba. "Makungu, leo ushanawa mara saba?" humpigia kelele njiani. "Nshanawa nane," hujibu, "moja yako."

Nguo zake za kusakia haziingii ndani. Mkewe, Mwanamkasi, humrushia msuli safi kutoka mlangoni.

"Namrushia kama mwenye ukoma," anacheka. "Lakini alipokufa Fitina wake, huyu hakula siku mbili. Mie sijui kama atanililia vile."

Fitina ni mbwa jike aliyeingia kati ya Makungu na nguruwe, Makungu alipoteleza maweni. Makungu kabaki na kovu la paja. Rundo la Fitina ni moja katika yale mawili yaliyokwenda.

Basi kwa nini hasemi?

"Nikisema, tanuu zima litabomolewa," anasema. "Watu wa msikiti watauliza nani kazika mbwa kwenye mawe yao. Watakuja kuyatawanya yote. Nisiposema, nitasali na ukuta wa chokaa hiyo unanitazama."

Alilolitaka ni dogo. Subira, binti wa Fitina, keshazeeka. Saa hizi kalala kichakani, kando ya mawe, kidevu juu ya miguu. Makungu anataka siku yake ikifika alazwe hapa, kwa mamake.

Bi Mwanakheir, mwenye shamba la jirani, kasimama na jembe lake, kachoka kuwatazama.

"Mwambie, Makungu! Mwanamume mzima unaogopa mdomo wako?"

Makungu analiachia jiwe. "Chini mna mbwa."

Kificho anacheka. Kisha hacheki. Jiwe linamponyoka, anajifuta mikono kwenye msuli, anafuta tena. Anatazama tanuu.

"Na yale ya juzi?"

"Na yale pia."

Kificho anasogea, sauti kaishusha.

"Sikiliza, ndugu yangu. Haya saba sigusi. Wallahi, sigusi hata moja. Na wee hukuniambia kitu. Moto ukishaingia, chokaa ni chokaa. Bi Mwanakheir, nawe hukusikia."

"Mie nasikia muhogo wangu tu," anasema Bi Mwanakheir. "Amueni wenyewe."

Marundo saba yamepona. Subira kapata pa kulala. Linalotakiwa kwa Makungu ni kunyamaza tu.

Anamwangalia Subira. Anaangalia moshi wa majikoni, kijijini.

"Mie nasali mule msikitini, Kificho. Nakwenda kusema."

"Watakuja kufukua yote, mjinga wee! Na huyo kikongwe wako utamtupa wapi?"

"Sijui."

Anamwonyesha Subira kidole, akae pale pale kwenye mawe. Subira anakaa. Makungu anageuka, anashika njia ya msikitini.