Sanduku la Kompyuta Matangani

Laptop yangu ilizima Jumanne asubuhi, nikiwa nimeandika mstari mmoja tu: "Ibada ya kumuaga mama yetu mpendwa." Haikutoa hata mlio. Skrini ikawa nyeusi, nikajiona mimi mwenyewe pale, mdomo wazi. Nikabonyeza, nikangoja, nikabonyeza tena. Nikachomoa chaja, nikapuliza matundu yake, mwishowe nikaiwekea mikono na kuiombea kama mgonjwa. Uso wa Susu ulikuwa ndani yake.

Susu ni nyanya yangu, mama yake mama, wa Kasikeu kule Makueni. Alikuwa ametuacha Alhamisi iliyopita, na mazishi yalipangwa Jumamosi. Mimi nina kachumba kangu sokoni Migwani, na kazi yangu ni kutengeneza programu za mazishi, kile kijitabu chenye picha ya marehemu, historia yake na nyimbo zitakazoimbwa. Shule niliachia kidato cha pili, lakini kwa kompyuta nina mkono mwepesi. Ukiniletea picha ya mzee akiwa na fulana ya shambani, mimi namvalisha suti na tai. Nimewavalisha suti wazee wengi ambao hawakuwahi kuwa nayo, na watoto wao wakiona wanalia na kunishika mkono. Kwa hivyo Susu alipoenda, hakuna mtu aliyeuliza nani atatengeneza programu.

Shida ni kwamba Susu alikuwa hapigwi picha. Ukiinua simu tu, kiganja kiko usoni na yeye anacheka nyuma yake. Picha yake ya kweli ilikuwa moja, ile ya kipande, kitambulisho chake. Na kipande cha marehemu hakibaki nyumbani. Ukienda kuchukua kibali cha mazishi, unakirudisha serikalini. Nililijua hilo kwa sababu ya kazi yangu. Ndiyo maana Ijumaa nilikimbia Kasikeu na laptop kabla mjomba mkubwa hajakipeleka. Dukani kwa kuskani kompyuta yao ilikuwa mbovu, wakaunganisha skana na yangu, na Susu akaingia mzima, hadi mikunjo ya paji la uso. Sikumweka kwa flash. Sikumtuma kwa simu. Nilijiambia nitafanya hivyo nikifika Migwani. Nikafika Migwani, nikalia, nikalala, na siku zikapita hivyo.

Jumatano nikawa Kitui mjini mbele ya fundi. Aliigeuza laptop, akafungua misumari midogo, akaangalia ndani. Mimi nilikuwa nasoma uso wake kama mtu anayesoma majibu ya hospitali. Akanieleza kwamba kwa hizi nyembamba kila kitu kimechomelewa kwa bodi, hata mahali pa kuweka picha, na bodi ndiyo imeungua. Pengine kuna mtu Nairobi anaweza kujaribu. Wiki tatu, labda zaidi, labda bure.

Hapo nikamkumbuka Susu siku nilipompelekea hiyo laptop aione. Niliinunua mpya, nyepesi kama sahani, na mbuzi wake wawili aliowauza walikuwa wamesaidia. Nilikuwa na ndoto zangu: nitaitia kwa mkoba, nitafanya kazi popote, siku moja nitengeneze filamu na watu walipe kuingia. Susu alikuwa na redio ambayo mafundi walikuwa wameifungua na kuifunga mara nyingi, ilikuwa imefungwa kwa mpira wa baiskeli na bado inaongea. Akaipapasa laptop yangu pande zote, juu na chini, kama anayetafuta mlango.

"Sasa hii ikigonjeka, inafunguliwa wapi?"

Nilicheka. Nikamwambia siku hizi vitu haviharibikiharibiki.

Nikampigia mjomba simu nikiwa bado kwa ngazi ya fundi. Nilimwomba arudi ofisini awaombe kile kipande, hata kwa dakika mbili, nikipige picha. Mjomba hakunigombeza. Alipanda boda boda akaenda. Mimi nimepewa jina la Susu, na kwa hivyo yeye na ndugu zake huniita mwaitu, yaani mama, tangu nikiwa mchanga, mtu mzima na mvi zake ananiita mama yake. Alipopiga simu baadaye, sauti yake ilikuwa ya chini sana.

"Mwaitu, kimeshaenda. Wanasema vikipelekwa havirudi."

Nikakaa kwa ngazi. Watu walipita na mifuko ya mboga wakiniruka miguu. Jina lake ninalo, nikawaza, na uso wake nimeupoteza mimi.

Lakini programu lazima itoke, na bila mashine haitoki. Nilikuwa na zamu yangu ya kupokea pesa za chama cha vijana kanisani, nikawaomba, wakanipa mbele ya wakati. Nikaingia duka la kompyuta. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu, akaniwekea mbili mbele yangu. Moja ilikuwa laptop nene, iliyotumika ng'ambo, yenye nguvu ya kukata video bila kukwama. Nyingine ilikuwa kompyuta ya mezani, sanduku na skrini pana, yenye nguvu hiyo hiyo kwa bei ya chini.

Akili yangu yote ilisema laptop. Stima ya Migwani hupotea kama mgeni asiyeaga, na laptop ina betri. Tena ilibidi kesho yake niende Kasikeu na kazi, kwa sababu historia ya marehemu kwetu haiandikwi na mtu mmoja. Kila mjomba, kila shangazi, kila mkwe lazima aone mahali alipoandikwa, na akirukwa mmoja, hilo ni jambo la miaka. Kazi kama hiyo unaibeba hadi kwa watu.

Muuzaji akanifungulia laptop nione kwamba hii hata diski yake inatoka. Niliona kwa macho yangu. Lakini mkono wangu ulikuwa umeshika lile sanduku, ule mfuniko wa pembeni unaofunguka kama kabati, na ndani kila kitu kimekaa mahali pake, unaweza kukigusa. Nilijua nakosea. Nilijua pia kwamba siwezi tena kumweka mtu ndani ya kitu nisichojua kinafunguliwa wapi.

"Dada, unaenda matangani na sanduku?" muuzaji akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo.

Alhamisi nilishukia Kasikeu, skrini nimeifunga kwa leso mgongoni, sanduku kichwani, kibodi kwapani. Waombolezaji walikuwa wamekaa kwenye viti vya kanisa, wakaniangalia nikiingia uani. Kisha mjomba mdogo, yule wa mizaha, akasema, "Mwaitu ametuletea TV. Sasa tutaangalia mpira na marehemu." Watu wakacheka, hata wale waliokuwa wanalia. Mimi sikuweza kucheka.

Waliniwekea meza sebuleni kwa Susu, karibu na ile redio. Nikaanza kuandika. Stima ikapotea mara mbili alasiri ile. Mara ya kwanza ikaondoka na wajukuu wote kumi na tisa, kwa sababu sikuwa nimehifadhi, na shangazi ikabidi anitajie upya mmoja mmoja, akisema kwamba laptop ingekuwa bado inawaka. Nilijua, shangazi. Nilijua vizuri kuliko yeye.

Kwa jalada niliacha duara jeupe. Kila aliyesimama nyuma yangu aliliona lile duara. Mjomba mkubwa akapendekeza tuweke ua. Mama akasema yeye hawezi kuzika ua. Aliposema hivyo nilitaka kutoka nitembee tu hadi niishe.

Ndipo nikaunganisha simu yangu, nikaanza kuzifungua zile picha zote za Susu akijifunika. Sikuwa na mpango, nilikuwa nimeishiwa tu. Kwa simu zilikuwa picha za kiganja. Lakini ile skrini ilikuwa pana kama dirisha, na nilipofungua ya Krismasi, kiganja kikatokea kikubwa, na nyufa zake za jembe, na pete yake nyembamba. Na katikati ya vidole viwili kulikuwa na jicho. Jicho moja, limekunjamana kwa kicheko, linatuangalia sisi wote.

Mama akasogea akaweka kidole chake kwa kioo.

"Huyo ndiye," mjomba mkubwa akasema. "Mwaitu, usimguse. Usimvalishe kitu."

Sikumvalisha kitu. Nilimweka ndani ya lile duara vile alivyo. Ijumaa nikamweka kwa flash mbili, moja nikaipeleka kuchapisha, na nyingine mjomba akaitia mfukoni. Jumamosi niliona watu chini ya hema wakifungua programu, wakikunja nyuso, wakiisogeza karibu na macho, kisha mabega yao yakianza kutikisika, na kwa mbali sikuweza kujua ni kicheko au ni kilio.

Sanduku sasa liko Migwani. Stima ikipotea nakaa nalo gizani mchana, nikingoja, na wateja wananiuliza kwa nini sikununua laptop kama watu. Ile nyembamba niliituma Nairobi, na bado iko huko. Kila mwezi nampigia fundi wa huko, na kila mwezi ananiambia bado. Siku moja aliniuliza kama anaweza kuitupa.

Nilimwambia hapana, kuna mtu ndani.