Aliniuliza Mara Mbili

Farangis Sotudeh hakuwa mwizi wala mfitini. Lisemwe mapema, kwa sababu yatakayofuata yatamfanya aonekane hivyo, na sisi tuliokula wali wake miaka yote ile chuoni hatuna budi kumtetea kidogo kabla ya kumuumbua.

Alitoka Kerman, mji wa Waajemi, binti wa pekee wa mwalimu mjane, akaja Kansas kusomea udaktari wa mambo ya maji. Akiulizwa kwa nini Kansas, alijibu kwamba kwao nako ni kukavu na visima vina chumvi, kwa hiyo hajahama, amebadilisha upepo tu. Kazi yake ilikuwa kupima chumvi katika visima vya wakulima wa ngano. Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa Dale Koehn, mtoto wa mkulima, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache, wa kwanza katika ukoo wao kuvuka lango la chuo kikuu. Dale aliwajua wakulima, akagonga milango, akabeba vyombo. Mahesabu yalikuwa ya Farangis. Miaka miwili ya mahesabu, jamani, si mchezo.

Ijumaa moja Farangis alimwalika Dale kwenye chakula cha Waajemi wa chuo. Sufuria la wali likapinduliwa kwenye sinia, na juu kukabaki ukoko mzima, mwekundu kwa zafarani, ule ambao watu wazima huutolea macho kama watoto.

"Chukua wewe, Dale," Farangis akasema. "Utanifurahisha."

"Kweli?"

"Kweli kabisa."

Dale akauchukua. Wote. Akauweka kwenye sahani yake akaanza kuutafuna, na watu mezani wakatazamana. Kiumars, aliyekuwa mwaka wa sita wa udaktari na aliyejua kila kitu isipokuwa siku atakayomaliza, akasema kwa lugha yao, "Lo! Huyu hata kukataa mara moja hakukataa!"

Watu wakaangua kicheko. Kwao mtu hukataa mara ya kwanza kwa adabu, mara ya pili kwa haya, na ya tatu ndipo hupokea. Anayetoa naye anajua hivyo, kwa hiyo hachoki kusukuma. Farangis alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akamtetea mgeni wake. "Mwacheni. Huyu neno hulichukua kama ulivyompa."

Kumbukeni kwamba alisema hivyo kwa kinywa chake mwenyewe.

Makala yao ilipokuwa tayari kupelekwa kwenye jarida, Dale alimrudishia nakala ya mwisho. Pembeni ya majina alikuwa ameandika kwa penseli: "Lako litangulie? Kazi kubwa ni yako." Farangis aliposoma, moyo ulimruka kwa furaha. Jina la kwanza kwenye makala ndilo linalokumbukwa, ndilo linalompa mtu kazi. Akachukua kalamu akaandika chini yake: "Hata kidogo! Wewe kwanza. Mimi nimefanya nini?" Akachora na ua dogo, akamwonyesha.

Dale alilisoma jibu, akamrudishia karatasi. Alasiri akamfuata penye mashine ya kahawa. "Una uhakika, Farangis? Mimi naona ni lako."

"Dale, usinitie haya. Weka lako."

"Haya basi."

Farangis akasimama pale na kikombe chake, akisubiri mara ya tatu. Dale akarudi ofisini akatuma makala.

Unaweza kucheka. Yeye mwenyewe angecheka, lau si mama yake kupiga simu Jumapili.

"Jina lako liko juu, sivyo, mwanangu? Nimeshamwambia Bi Turan wa duka la mikate, na Bi Turan ndiye redio ya mtaa."

"Liko juu, mama," akajibu. Ulimi hauna mfupa.

Makala ikatoka: Koehn, kisha Sotudeh. Farangis aliiona jikoni kwa Kiumars, kwenye simu, wenzake wamemzunguka.

"Amekupora huyo!" Kiumars akawaka. "Kwa kuwa wewe ni mgeni, tena mwanamke. Andika barua, dada. Ukinyamaza leo, kesho atakuvua na viatu."

"Aliniuliza," Farangis akasema kwa sauti ndogo.

"Mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Basi hajakuuliza!"

Jiko zima likacheka. Farangis akaubeba ule mzaha mpaka nyumbani, akauegemea kama ushahidi, na kesho yake akamwandikia msimamizi wao, Dokta Lindqvist, kwamba Dale Koehn aliweka jina lake mbele bila kumwuliza. Alipofika kwenye maneno "bila kuniuliza" vidole vilisita. Akamfikiria mama yake amesimama dukani mbele ya Bi Turan. Vidole vikaendelea.

Shitaka la namna hiyo chuoni halimalizwi kwa kikombe cha chai. Kikao kikaitwa, walimu watatu na meza ndefu. Asubuhi ya kikao Farangis aliitoa ile nakala yenye ua kwenye mkoba, akaitazama, akaisukuma chini ya zulia chumbani kwake.

Dale alikuja na shati lililopigwa pasi, na mstari wa pasi uliopinda kwenye mikono ulionyesha kuwa ameipiga mwenyewe. "Nilimwuliza," akasema. "Mara mbili. Mara moja kwa maandishi."

"Karatasi iko wapi?"

"Nilimwachia yeye."

Macho yote yakamgeukia Farangis. Dokta Lindqvist akamwuliza taratibu, "Alikuuliza, au hakukuuliza?"

Angeweza kusema. Mlango ulikuwa wazi hapo, na neno lenyewe lilikuwa fupi.

"Sikumbuki," akasema.

Dale alimtazama. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alikunja uso kama mtu aliyesikia vibaya na anayengoja kurudiwa. Aliporidhika kwamba hakuna kitakachorudiwa, akawageukia walimu. "Basi litangulizeni lake. Kazi kubwa ni yake. Hilo sijawahi kulikataa."

Majina yakabadilishwa. Barua ya onyo ikaingia kwenye faili la Dale, na Desemba akakusanya mabuti yake akarudi kwao. Hakumaliza. Kule Kerman mama akaoka kulumpe, vile vikeki vyao vya unga na tende, akagawa mtaa mzima. Farangis akatumiwa picha, akaiangalia mara moja akaifuta.

Tangu hapo aibu ikahamia kwake. Akipita penye mashine ya kahawa anainamisha kichwa. Wakulima wakimpigia kuuliza, "Yule kijana wetu yuko wapi?" anasema ana shughuli za nyumbani. Ijumaa akiwekewa ukoko anasema meno yanamuuma. Kiumars alipomwita shujaa mbele ya watu, alitoka nje akaacha sahani yake mezani. Lakini hakusema. Mtu anaweza kuumwa na aibu miezi mitatu na bado akaipendelea kuliko kusema.

Kilichomtoa ni Noruzi. Mwaka mpya ukikaribia, watu wa kwao hutikisa nyumba nzima, mapazia yanafuliwa, kabati zinavutwa, hakuna kona inayosamehewa. Farangis alisafisha kila mahali isipokuwa chini ya zulia. Alifua pazia moja mara mbili. Mwishowe akapiga magoti, akalikunja zulia, na ua lake likamtazama. Wino wake, mwandiko wake. "Mimi nimefanya nini?" Akaketi kwenye sakafu tupu akalia, na hakuwa akimlilia Dale peke yake. Alikuwa akijichukia.

Asubuhi yake alikuwa mbele ya Dokta Lindqvist. Mwalimu akaisoma karatasi, akavua miwani.

"Ilikuwa wapi?"

"Chini ya zulia langu."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kikao."

"Onyo la Dale litafutwa," mwalimu akasema. "Lako litaandikwa. Na kwao utakwenda mwenyewe. Sitakupelekea salamu."

Akampigia mama yake pia. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Na kulumpe za watu sasa nizitoe matumboni mwao?" Akakata simu. Hakupiga tena kwa juma zima.

Shamba la akina Koehn liko mwendo wa saa mbili. Alimkuta Dale uani, amelala chini ya mashine ya kupandia, miguu nje. Farangis akaiambia miguu ile kila kitu: karatasi, zulia, onyo lililofutwa. Akamaliza kwa kusema, "Nisamehe, Dale."

"Usijali," sauti ikatoka chini ya mashine. "Yamepita."

Angeweza kuondoka nalo. Neno lilikuwa zuri, na gari lilikuwa karibu. Lakini alilitambua lile neno. Alikuwa amelitumia maisha yake yote.

"Nisamehe," akarudia.

"Nimesema hakuna neno, Farangis."

"Dale, nakuuliza mara ya tatu."

Spana ikawekwa chini. Dale akajivuta nje, akakaa kwenye vumbi, akajifuta mikono kidole kimoja kimoja.

"Basi sijakusamehe," akasema. "Baba aliibandika makala ile kwenye friji. Yeye huwa habandiki kitu. Barua ya onyo ilipokuja, akaibandua makala mwenyewe, hakusema neno, na mimi tangu siku ile sijui anafikiri nini juu yangu. Sijakusamehe. Labda nitakusamehe, sijui."

"Ahsante," Farangis akasema, na aliimaanisha.

Mama yake Dale akachungulia mlangoni. Hakujua mgeni ni nani. "Binti, kuna pai ya cheri. Utakula?"

Ulimi wa Farangis uliruka wenyewe kukataa, kama ulivyofunzwa tangu utotoni. Akaukamata. "Nitakula, mama. Ahsante."

Akaingia, akawekewa kipande kikubwa ambacho alijua hakustahili, na kukimeza ilikuwa kazi. Mbele yake lilikuwa friji. Juu ya mlango wake zilikuwa sumaku nne katika pembe za karatasi isiyokuwepo.

Mzee Koehn akaingia kutoka zizini, kofia mkononi. Akamtazama mgeni, akamtazama mwanawe aliyesimama mlangoni, akaelewa.

"Wewe ndiye Farangis."

"Ndimi, mzee."

Hakuketi. Aliizungusha ile kofia, na ilionekana swali lile amekaa nalo tangu Desemba, hakuwa na wa kumwuliza.

"Kijana wangu alikuuliza, au hakukuuliza?"

Farangis akaweka uma chini.

"Aliniuliza," akasema. "Mara mbili."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akaenda kwenye beseni kunawa mikono. Alinawa muda mrefu, amewapa mgongo, na hakuna aliyefunga bomba.