Tabita na mto usiojua kiu

Saa mbili asubuhi, mwishoni mwa Septemba 2013, Tabita Silwimba amesimama katikati ya mto Isalala na viatu vyake havijalowa. Hakuna muujiza. Mto hauna maji.

Ukingoni, kwenye kivuko cha chini upande wa Msangano, umekaa umati wa heshima: kamati ya maji, akina mama na ndoo zao, wanafunzi waliotoroka darasani kwa sababu za kisayansi, na mbuzi wanne ambao hawakualikwa. Wote wanamtazama mwanamke huyu anayesubiri maji kama mtu anayesubiri basi.

"Mama Boazi, basi lako limepata pancha?" Zabron, mwenyekiti wa mifereji ya juu, anamuuliza Tabita kwa jina la mwanawe. Jembe liko begani. Saa sita mchana atapiga simu, na mabanio yote, yaani malango ya mifereji, yaliyofungwa tangu juzi yatafunguliwa. Vitunguu vyake vimeanza kulala.

"Linakuja, shemeji. Limejaza abiria."

Watu wanacheka. Tabita hacheki.

Kazi yake katika ofisi ya maji ya bonde ni ngumu kuieleza msibani. Anautengeneza mto ndani ya kompyuta, mto ambao hakuna binadamu aliyewahi kuugusa. Anachukua maji yanayopimwa leo, kisha anaurudishia mto kila kilichochukuliwa: maji ya mifereji, ya mpunga, ya mashine za kupampu, hata yaliyopita kooni mwa ng'ombe. Kinachotokea kwenye kioo ni Isalala jinsi ambavyo ungekuwa iwapo sisi sote tungekosea njia na kuhamia kwingine.

Mto huo haukauki. Septemba unapita kivukoni hapa, mweupe, ukifika magotini.

"Siku ya kwanza niliizima kompyuta nikaiwasha tena," anasema. "Nilidhani imeharibika. Mimi nimezaliwa hapa. Mama amechimba mchanga kutafuta maji tangu akiwa amenibeba mgongoni."

Ndipo akaiomba kamati ifunge mifereji yote kwa siku mbili, ili macho yaone kile ambacho kompyuta inakisema. Wakapatana. Maji yakifika kivukoni, kila kiangazi mifereji ya juu itapumzika siku mbili kwa wiki ili watu wa chini wanywe. Yasipofika, Tabita asirudi tena kuwasumbua.

Mkutano wa mapatano hayo nusura uhamishe kijiji. Tabita alisema, "Tunataka kuuona mto kama vile hatupo." Makoye, mfugaji aliyekuja na mifugo yake kutoka mbali, aliondoka bila kuaga. Jioni Tabita alimkuta amekwisha kupakia kitanda kwenye mkokoteni.

"Nilishahamishwa mara moja, mimi na ng'ombe wangu," anasema Makoye. "Mtu wa serikali akisema kama vile hatupo, mimi nafunga vyombo kwanza. Maswali nitauliza njiani."

Alipoeleweshwa alishusha kitanda, na banio lake la kunyweshea ng'ombe likawa la kwanza kuzibwa.

Kwa hesabu za Tabita, maji yalipaswa kufika jana jioni. Jana jioni walifika mbu.

Saa nne sasa. Jua limepanda, na kicheko kimeanza kuwa kikali. "Tukapike," anasema mama mmoja. "Kompyuta haijazi ndoo."

Kando kidogo, Getruda, mama mzazi wa Tabita, ameinama juu ya shimo lake la mchangani, lenye kina cha mkono mzima. Huteka humo kwa kikombe, akisubiri maji yajikusanye.

"Tabita, mwanangu. Kikombe changu kimezama."

"Umekidondosha, mama."

"Sijakidondosha. Nilikiweka chini, pakavu."

Tabita anapiga magoti. Ndani ya shimo maji yanapanda yenyewe, taratibu, yakitokea chini, bila mtu kumimina. Anaingiza mkono, anautoa, anautazama.

"Mchanga," anasema. "Mto wangu wa kwenye kompyuta haujawahi kukauka, kwa hiyo mchanga wake haujui kiu. Huu wetu umekaa na kiu miaka yote hii. Ulikuwa unakunywa kwanza."

Kwenye kona ya mto inasikika sauti ndogo, kama ya mahindi yakimwagwa mkekani.

Sisimizi ndio wanaotangulia, wakikimbia. Nyuma yao unatokea ulimi wa povu la kahawia, majani makavu na kandambili moja ya mguu wa kushoto, ukitembea kwa mwendo wa bibi anayetoka kanisani. Mbuzi wanasimama. Watoto wananyamaza wote kwa pamoja, jambo ambalo mwalimu wao hajawahi kulifanikisha.

Maji yanafika kwenye vifundo vya Tabita. Hasogei. Mama yake, aliyeishi ukingoni hapa maisha yake yote, anayagusa kwa ncha za vidole kama anayegusa uso wa mtoto mchanga.

Tabita anataka kuufanyia hivi mto Momba wote, unaopokea maji ya Isalala, kuanzia vilimani hadi Ziwa Rukwa. "Sitaki mtu aondoke," anasema, akimwangalia Makoye. "Nataka tujue mto ulikuwaje kabla yetu, halafu tugawane kwa adabu."

Saa sita inafika. Zabron amelaza jembe, amevua viatu, amesimama majini na simu sikioni, akizungumza na mlinzi wa mabanio.

"Watson? Usifungue. Ndiyo, nimeviona vitunguu. Usifungue, nimesema. Ngoja kwanza ninawe uso."